Sare Niliyomnyima Kirimi

Jumanne, 1 Julai

Nimeamka saa kumi na moja. Ukungu Kiirua yote. Ng'ombe ya jirani nimeisikia, sijaiona. Chai. Nikachonga mipini mitatu ya jembe kabla jua litoke. Mtu mwingine angechonga mmoja na aseme mgongo unauma. Halafu nikawasha simu nione kama Kirimi amecheza.

Amecheza. Cheki tena.

Mwalimu wa ngumbaru alisema daftari inafaa ieleweke hata ikiokotwa barabarani. Basi naandika. Kirimi ni ndugu yangu mdogo, tumbo moja. Anakaa Kiritiri, huko Embu, kwa watu wa bibi yake, pale alipooa. Hatujaongea miaka kumi na moja. Tunacheza chesi tu, kwa simu. Msichana wangu Kendi, anafanya kazi ya ofisi Embu mjini, ndiye alituwekea huo mchezo mwaka jana bila kuuliza mtu. Kila mmoja ana siku tatu za kusongesha kitu kimoja, zikiisha ameshindwa. Kuna pahali pa kuandikiana maneno. Hakuna mtu ameandika hata habari yako.

Chesi tulifunzwa Ruiri, kambi ya barabara, na karani wa stoo. Kirimi alichukua mwezi mzima. Mimi siku moja. Nilimpiga mhandisi mechi ishirini zikifuatana mpaka akaomba uhamisho.

Nimeongeza kidogo. Daftari ni yangu.

Alhamisi, 3 Julai

Cheki. Mfalme wangu anaingia kona. Malkia wake anazunguka, cheki. Mfalme anatoka kona. Anazunguka, cheki. Narudi kona. Kama mtu na nzi.

Nina malkia wangu, mnara mmoja zaidi yake na askari wawili zaidi. Yeye ana farasi na huyo malkia msumbufu. Akinipa nafasi moja tu ya kupumua nimemaliza kazi. Hanipi.

Kendi amepiga simu jioni. Amesema baba mdogo macho yanamsumbua. Nimemwambia mtu anayepigwa lazima macho imsumbue. Hajacheka. Huyu msichana alichukua ucheshi wa mama yake, Mungu amrehemu.

Ijumaa, 4 Julai

Siku ya soko la Gakoromone. Mipini tisa, nimeuza sita. Simu nimeiweka juu ya gunia la viazi la Mama Gatwiri, pale kila mtu anaona. Mama Gatwiri hajui chesi. Anajua kila kitu kingine.

Saa nne ikaingia cheki ya Kirimi. Na chini ya ubao simu ikaandika kitu sijawahi ona. Kendi aliiweka Kiswahili, kwa hivyo nilisoma mwenyewe, polepole. Ati hii hali imetokea mara tatu. Ukitaka, dai sare. Na ile alama ya nusu ikawaka.

Nikawaelezea. Kuna bendera ndogo, ukiibonyeza umekubali umeshindwa. Kuna nusu, ukiibonyeza mmegawana, hakuna mshindi. Mama Gatwiri akasema, "Si ugawane basi, Mzee. Ni ndugu yako."

Muuza ndizi akasema, "Huyu agawane? Huyu hata kivuli yake anataka akae upande mkubwa."

Wakacheka. Mimi pia nikacheka, lakini iliniingia.

Halafu nikafikiria hivi. Hata Kirimi angedai. Hiyo nusu lazima ilimwakia yeye kwanza, zamu yake ilipofika. Hakudai. Akapiga cheki akaninyamazia. Kwa nini? Ama hajui kusoma simu, ama ameogopa. Mtu akiogopa unamfuata.

Nikasema kwa sauti, wote wasikie. Mimi sigawani. Mfalme wangu sikumrudisha kona. Nikampeleka mbele, uwanjani, kama mzee anayetoka nje kuuliza nani anatupa mawe kwa mabati.

Watu wakapiga makofi. Hawakuelewa kitu.

Jumapili, 6 Julai

Kanisa. Mahubiri marefu. Kirimi amejibu katikati ya sadaka. Amenipiga cheki na farasi.

Sikuwa nimeona huyo farasi.

Jumatano, 9 Julai

Mbaya. Mfalme amesimama katikati ya ubao kama mtu ameachwa na gari. Malkia wake upande huu, farasi upande ule. Nikienda kushoto nakufa haraka. Nikienda kulia nakufa pole.

Nimeenda kulia.

Nikitulia naiona nusu ile. Ilikuwa hapo, inawaka. Kidole kimoja tu. Nimejikasirikia siku nzima, nikavunja mpini mzuri wa mti wa mutiini nikiupiga bure.

Jumamosi, 12 Julai

Nimehesabu. Hatua saba, labda nane, na nimekwisha. Yeye pia amehesabu. Saa hii anangoja bendera.

Bendera haitapanda. Sijawahi kupandisha bendera kwa mtu yeyote, sembuse aliyezaliwa nikiwa tayari nachunga mbuzi. Nina siku tatu kwa kila hatua, na ni haki yangu, simu yenyewe imesema. Nitazitumia zote. Dakika ya mwisho ndio nasongesha. Nane mara tatu. Hiyo ni karibu mwezi. Angoje. Alikuwa na haraka miaka kumi na moja iliyopita pia.

Jumanne, 15 Julai

Nimecheza ikibaki dakika kumi. Kirimi amejibu saa hiyo hiyo. Ni kama alikuwa amekaa na simu mkononi.

Ijumaa, 18 Julai

Ikibaki dakika nne. Amejibu saa hiyo hiyo.

Mama Gatwiri ameuliza mbona sileti simu kwa gunia siku hizi. Nimesema haina chaji. Ameniangalia. "Na mdomo? Nayo imeisha chaji?"

Jumatatu, 21 Julai

Dakika mbili. Amejibu.

Leo nimekumbuka mizinga. Sikutaka, lakini nilikuwa nachonga muringa, na huo mti ndio baba alikuwa akitumia. Aliacha mizinga saba kwa miti kule chini ya shamba. Nikachukua minne, Kirimi mitatu. Akasema polepole tu, hakuwa na hasira, ati huo wa saba tuvune kwa zamu. Msimu wangu, msimu wako. Wazee walikuwa wamekaa. Wakaniangalia mimi, kwa sababu kwetu mkubwa ndiye hufunga maneno. Mdogo anaweza kusema yote anataka, lakini kufunga si yake.

Ningesema sawa. Neno moja na watu waende kunywa uji.

Nikasema mwenye anakaa kwa watu wa bibi akavune asali ya watu wa bibi. Nikaona watu wanacheka, nikaongeza. Nikasema labda yeye ndiye alilipiwa mahari.

Kirimi alichukua kofia yake akaenda. Hata mitatu yake hakurudi kuchukua. Nyuki za mzinga wa saba zilihama msimu uliofuata. Hazijarudi.

Hii sijawahi andika mahali.

Alhamisi, 24 Julai

Kendi amepiga asubuhi. Sauti ya ofisi, si ya mtoto wangu.

"Baba, maliza huo mchezo."

Nikamwambia nina siku tatu.

"Najua uko na siku tatu. Baba mdogo ana presha ya macho. Daktari anataka kumpasua, na amekataa kulazwa mpaka mchezo uishe. Anasema hajui ataona nini akitoka huko."

Nikamwambia amwambie baba yake mdogo hiyo ni ujanja ya zamani. Mtu anataka nipandishe bendera kwa huruma. Nilisema hivyo. Nikamwambia pia dawa ya macho ni karoti.

Akakata simu.

Nilijua si ujanja. Kirimi hajui ujanja, ndio maana nilikuwa nampiga Ruiri. Lakini zamu yangu ilikuwa imebaki dakika arobaini, na nilizingoja zikaisha mpaka moja.

Jumatatu, 28 Julai

Ile ya Alhamisi Kirimi alijibu Ijumaa asubuhi. Nimecheza leo saa moja asubuhi, dakika ya mwisho. Amejibu. Nikavaa miwani. Nikaitoa nikaipangusa.

Kirimi ameweka malkia wake karibu na askari wangu wa pembeni. Yule wa ukingo kabisa, amesimama hapo tangu mchezo uanze, hakuna mtu amewahi kumgusa. Askari anaweza kumla. Hakuna mtego. Nimetafuta mtego dakika kumi.

Nimemla malkia.

Sikungoja siku tatu.

Jumanne, 29 Julai

Gakoromone. Simu juu ya gunia. Nimewaonyesha wote. Nimesema nilimwekea mtego wiki tatu, ati ndio maana nilikuwa nachelewa, nilikuwa namlegeza kama samaki. Muuza ndizi ameniamini. Nimenunulia watu chai na mandazi. Mtu ameniita bingwa wa Buuri. Nimemwambia aseme wa Meru yote, Buuri ni ndogo.

Saa hii mchezo ni wangu. Nina malkia, nina mnara. Yeye ana farasi na askari kidogo. Anafaa kupandisha bendera. Hajapandisha. Na hajacheza. Yeye mwenye alikuwa akijibu saa hiyo hiyo.

Mama Gatwiri alikunywa chai yangu yote kabla aseme. "Mtu wa kujibu haraka hivyo, leo amenyamaza. Umeuliza kwa nini?"

Sikuuliza.

Jumatano, 30 Julai

Kendi amekuja mwenyewe. Ameomba ruhusa kazini. Hakukaa kwa kiti, alisimama mlangoni na koti.

Kirimi amelazwa jana. Si yeye aliyekubali, ni bibi yake na majirani walimpeleka. Jumatatu baada ya kucheza alitoka nje kuenda chooni na akaanguka kwa mtaro ambao ameuruka miaka yote. Hakuuona. Jicho la kushoto lilikuwa limeisha zamani, na hakuna aliyejua. Alikuwa anatumia la kulia. Nalo limeenda, karibu lote.

Nikauliza kama wakimpasua litarudi.

"Lililoenda halirudi, Baba. Wanapasua wachunge kale kamebaki. Angeenda mapema mwezi huu kangekuwa kengi."

Halafu akanielezea vile huo ugonjwa unakula. Unaanzia kando. Mtu anaona katikati vizuri kabisa, anaweza kukusomea Biblia, lakini ukingo wa vitu hauko. Kama kuangalia kwa tundu la mzinga.

Askari wangu alikuwa ukingoni.

Nilimwonyesha simu. Hakutaka kuiangalia. Nikamwambia hata yeye Kirimi angedai sare tarehe nne, iliwaka kwake kabla ya kwangu, kwa nini hakudai. Nilikuwa natafuta tu kosa liwe na wenyewe wawili.

Kendi alifunga koti. "Nilimuuliza. Alisema wewe ndiye mkubwa. Alikuletea mahali unaweza kufunga, akakungoja ufunge."



Akienda nilibonyeza nusu. Simu ikasema nimempa sare, nangoja jibu. Nimekaa na hiyo simu mpaka chai ikaganda juu.

Alhamisi, 31 Julai

Kendi amesema hakuna wa kujibu. Macho yake yamefungwa bandeji na simu yake bibi yake ameifungia kwa kabati. Kirimi aliwaambia hakuna mtu aguse huo mchezo. Hata mtu akimsomea. Ni wetu wawili.

Saa yake ilikuwa inahesabu. Niliiangalia. Siwezi kuisimamisha. Naweza kupandisha bendera mimi, nikafikiria, nishindwe, nimpe. Kidole kilifika. Halafu nikaona hata hiyo ni mimi tena nafunga peke yangu, nampa zawadi mtu ambaye hakuomba zawadi. Aliomba nusu.

Au labda nilishindwa tu kubonyeza. Sijui. Nimeandika yote mawili.

Saa moja na dakika kumi na moja asubuhi ikaisha. Simu ikapiga kengele ya furaha. Umeshinda kwa muda.

Kwa muda. Mimi.

Ijumaa, 1 Agosti

Sikuenda soko.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimepasua mzinga wa saba.

Jumamosi, 9 Agosti

Kiritiri. Nimefika saa nane mchana, jua kali, mimi na koti la Kiirua. Nilibeba asali ya mzinga wangu mmoja na ile seti yetu ya Ruiri, niliichonga mwenyewe kwa muringa, farasi mmoja hana kichwa. Ilikuwa kwa dari miaka yote.

Kirimi alikuwa kwa kivuli cha nyumba. Amekonda. Wametoa bandeji. Bibi yake alinisalimia kama mgeni, kwa heshima yote, na hiyo iliniuma kuliko matusi. Akasema, "Kirimi, ndugu yako amekuja."

Kirimi akageuza uso. Hakunipata mara ya kwanza. Aliangalia bega langu.

"Mkubwa. Umefika na nani?"

Peke yangu, nikasema.

"Basi leo hakuna wa kukuchekea."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri sana, mimi ni mtu wa maneno. Yalienda. Nikatoa ubao nikauweka kwa stuli katikati yetu. Akaupapasa. Akashika farasi asiye na kichwa, akatabasamu kidogo, akamkumbuka. Halafu akaanza kupanga. Nilidhani anapanga mchezo mpya. Aliweka mfalme wangu kona. Akaweka malkia wangu, mnara wangu, askari wangu, mmoja kwa mmoja, na kidole chake kikihesabu nyumba za ubao kutoka pembeni. Akaangusha wawili, nikawainua, akaendelea. Hata yule wa ukingo alimweka. Kidole chake kilikaa juu ya huyo kidogo.

Akashika malkia wake. Cheki. Nikatoa mfalme kona. Cheki. Nikarudi. Cheki. Nikatoka. Bibi yake alikuwa amesimama na kikombe hajui kama ataleta chai. Cheki. Nikarudi. Cheki. Ilikuwa ya tatu.

Kirimi akaweka mikono kwa magoti. Akanyamaza.

Kunyamaza kule kule. Kule kwa siku ya mizinga, na wazee wamekaa. Na kule kwa tarehe nne. Ni mimi nilikuwa nasikia kitu kingine.

Nikasema sare. Sauti ilitoka ndogo, nikasema tena.

Akasema, "Sawa." Akaomba chai.

Tulikunywa. Niliomba msamaha wa lile neno la mahari. Nililitaja lote, mbele ya bibi yake, kwa sababu nililisema mbele ya watu. Kirimi alisikiza. Hakusema amesamehe. Alisema asali ya Kiirua ni nyepesi siku hizi, imejaa maji, kwani wewe unavuna kabla ya wakati. Nikasema ni mvua. Akasema si mvua.

Kuhusu macho sikujua pahali pa kuanzia. Nilisema, zile siku tatu tatu. Akaniwekea mkono juu, si kwa mkono wangu, alikosa, ulikaa kwa ubao. "Hizo wacha," akasema. Sikujua kama ni za kuacha kabisa ama za kuacha leo.

Nililala kwao.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimerudi. Kendi amenipigia kuuliza ilikuwaje. Nimesema tulitoka sare. Akapenga kamasi. Nimemuuliza kama kuna pahali kwa simu ninaweza kufuta ule ushindi. Ameangalia yake. Hakuna.

Jumanne, 12 Agosti

Gakoromone. Muuza ndizi ameniita bingwa. Nimemwambia malkia aliliwa kwa sababu mwenyewe haoni, na mimi ndiye nilimchelewesha hospitali. Nimesema kwa sauti ile ile niliyotumia kujisifu. Hakuna aliyecheka. Mwingine ameuliza bei ya mpini.

Mama Gatwiri amenipa viazi, debe nusu. Amesema ni vya Kirimi, si vyangu, nisivionje.

Alhamisi, 14 Agosti

Ukungu. Chai. Hakuna simu asubuhi.

Mzinga wa saba ulitoa mbao tatu nzuri. Ndani bado zinanuka nta, baada ya miaka yote. Nimezipiga randa, nimeziunga, zimekuwa ubao mmoja. Kwa kila nyumba natoboa tundu, na kila mtu wa chesi nitamchongea mguu mwembamba wa kuingia hapo. Kirimi akipapasa hawataanguka. Nyumba nyeusi nitazichimba kidogo zishuke, kidole kizijue. Farasi nitamtengenezea kichwa. Au nimwache. Alimjua kwa kukosa kichwa.

Natoboa pole. Sina haraka, lakini sichelewi. Nimeanzia ukingoni.

Matundu ishirini na nne. Yamebaki arobaini.